Mwizi aliyeoga: Mama Funguo na kaka yake wanaingia Pasaka ya pili

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Mama Funguo anachomoa funguo tatu kutoka kifuani na kuanza kufungua kibanda chake, kufuli moja baada ya jingine. Kaka yake mkubwa amesimama hatua kumi nyuma yake, mikono mgongoni, macho barabarani. Hageuki mpaka asikie komeo la mwisho limeachia. Ndilo sharti alilopewa.

"Hapaswi kuona meno ya funguo zangu," anasema mama huyu wa miaka arobaini na tisa, mmoja wa mafundi kufuli wachache wa kike katika soko hili. "Akiuona ufunguo kwa jicho tu, jioni anaweza kuuchonga. Mungu alimpa kipaji, shetani akakiazima."

Ndani ya kibanda, ambacho watu wawili wakiingia wa tatu hana pa kuweka mguu, kuna mashine ya kuchongea funguo, jiliwa la chuma la kubania vitu, tupa za kila unene, na ubao wenye misumari iliyoning'inizwa funguo mbichi, zisizochongwa bado. Kaka anaingia, anavaa aproni, anaanza kupaka grisi kitasa cha mteja. Dada anachonga ufunguo, lakini jicho moja liko kwa kaka. Mwandishi alikaa hapo kwa muda wa saa nne, na jicho hilo halikupumzika.

Kaka ana miaka hamsini na minne. Sokoni bado wanamwita Paka, jina alilopewa zamani kwa sababu hakuwa na kishindo. Sasa ni Mkristo wa mwaka mmoja. Alibatizwa Pasaka iliyopita, wiki sita baada ya kutoka jela.

Habari yao inaanzia kwa baba yao, fundi kufuli aliyeweka vitasa karibu nusu ya nyumba za mtaa ule. Aliwafundisha watoto wote wawili. Binti alikuwa na bidii, lakini kijana ndiye aliyekuwa na mkono.

"Baba alikuwa akisema mimi nafungua kufuli kwa jasho, kaka anafungua kwa sikio," anakumbuka Mama Funguo. "Aliinamisha kichwa, akasikiliza, likafunguka."

Kisha nyumba za wateja zikaanza kuibiwa. Mlango haukuvunjwa, kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Watu walilala na kuamka hawana televisheni. Wakaanza kumtazama mzee kwa jicho la pembeni, maana nani mwingine angekuwa na funguo zao?

Paka alikamatwa miaka saba iliyopita akitoka kwenye nyumba ya muuza nguo, begani na zulia. Alifungwa miaka sita. Mzee hakwenda mahakamani. Alichukua mkoba wake akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akibadilisha vitasa bure na kuomba radhi. Alifika nyumba ya kumi na moja, miguu ikavimba, akalala kitandani. Mwaka wa pili wa kifungo cha mwanawe, akafariki.

"Kuna kipindi nilikaa miezi mitatu nikapata mteja mmoja," anasema Mama Funguo. "Naye alikuwa amepotea njia, alitaka fundi viatu."

Kwa hiyo habari zilipomfikia kwamba kaka yake ameokoka gerezani na atabatizwa alfajiri ya Pasaka, hakupiga vigelegele. Alikwenda, akakaa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Nyuma ya kanisa kuna kidimbwi cha saruji cha ubatizo. Mchungaji alimzamisha Paka, akamwinua, waumini wakaimba kwamba aliyekufa amefufuka pamoja na Kristo.

"Mimi nikasema moyoni: hapa sioni aliyefufuka. Naona mwizi aliyeoga."

Alimpokea hata hivyo, kwa sababu damu ni nzito kuliko maji. Akampa kazi ya kubeba mkoba na kupaka grisi. Na akaanza kumtega. Aliacha mtoto wa meza wazi, ameweka uzi mwembamba mdomoni mwake ili ajue kama kuna aliyegusa. Alinyunyiza unga kwenye kufuli la sanduku. Aliacha ufunguo wa mteja juu ya meza, akajifanya anaenda kununua maandazi, kumbe amejibanza nyuma ya kibanda cha jirani.

Uzi haukukatika. Unga haukuguswa. Ufunguo ulifunikwa kwa kitambaa, na Paka akageukia ukutani.

"Nikazidi kuogopa," anasema. "Mtu akishinda mitihani yote, ujue ameyaona maswali mapema."

Mume wake, mpaka rangi wa majumba, anacheka akisikia hayo. "Mke wangu hata mimi akinikumbatia anapapasa mifuko," anasema. "Nilimwambia, mwache shemeji apumue. Akaniambia nyoka naye anapumua."

Kwaresima ya mwaka huu ndiyo iliyoleta kishindo. Wiki ya nne ya mfungo, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake alirudi kutoka kliniki akakuta redio, pasi na saa ya ukutani havipo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Kitasa chake kilikuwa kimewekwa wiki mbili kabla na Mama Funguo mwenyewe, na aliyekuwa ameshika mkoba ni Paka.

Mama Funguo alikwenda, akapiga magoti mlangoni, akamulika tundu. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Wahenga wamesema siku za mwizi ni arobaini. Kwaresima nayo ni arobaini. Nikasema, zimetimia."

Hakumwuliza kaka yake neno. Alimchukua mwenyekiti wa mtaa na askari wawili, wakaenda kwenye chumba alichopanga Paka. Wakageuza godoro, wakamwaga ndoo ya nguo. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, funguo kumi na saba, kila mmoja umefungwa uzi wenye kikaratasi cha jina.

"Hizi ni za nani?" askari akauliza.

"Za watu," Paka akajibu.

Wakamchukua. Mama Funguo akarudi kibandani, akachonga funguo mpaka jioni. Anakiri kuwa alijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Mwaka mzima alikuwa akisubiri jambo hilo, na sasa limekuja, hakuna tena cha kusubiri.

Paka alikaa mahabusu siku nne. Siku ya tano, mwalimu alifika kibandani, amejifunika kanga mpaka mdomoni kwa aibu. Redio yake ilikuwa imepelekwa kwa fundi redio auziwe, na fundi akaona jina la mwalimu limeandikwa nyuma kwa rangi ya kucha. Mwalimu huandika jina lake kwenye kila kitu alichonacho, hata ndoo. Muuzaji alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake. Ufunguo wa akiba alikuwa amempa binti kwa mkono wake mwenyewe, na hilo hakuwa amelisema.

"Nilimfikiria kila mtu isipokuwa wa kwangu," mwalimu alimwambia mwandishi. "Na kwa nini nifikirie wengine? Paka alikuwepo."

Mama Funguo alikwenda kituoni kumtoa. Walitembea mpaka karibu na soko, kisha akamwuliza. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Kaka, mbona hukusema zile funguo ni za nini?"

"Ungeamini?"

"Nisingeamini."

"Basi tumeokoa mate, mdogo wangu."

Ndipo akamweleza. Zilikuwa nakala alizochonga enzi za wizi, ishirini na sita kwa jumla. Alikuwa amezifukia nyuma ya choo cha nyumba ya baba yao kabla hajakamatwa. Baada ya kubatizwa alizifukua, na kila Jumapili mchana aliyopata ujasiri alichukua mmoja, akaenda kwenye nyumba husika, akabisha hodi, akajitaja na kuukabidhi. Alikuwa amerudisha tisa.

Hadithi nzuri. Mama Funguo hakuimeza. Kesho yake alifunga kibanda mapema, akaenda kuhakikisha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muuza nyama. "Alikuja kweli," akamwambia. "Nikampiga kibao. Jumapili iliyofuata akarudi, eti siku ile hakumaliza kuongea." Nyumba ya pili, mama mmoja alimwonyesha ufunguo ukining'inia kwenye msumari karibu na kalenda. Alisema haufungui kitu chochote, maana marehemu mzee alishabadilisha kitasa, ila hakuona vyema kuutupa. Nyumba ya tatu walisema walimfungulia mbwa.

Akarudi nyumbani, akamwaga juu ya meza zile kumi na saba, alizorudishiwa kituoni. Kikaratasi kimoja kilikuwa na jina la mjane anayeishi mtaa wa nyuma, mwanamke ambaye Paka alimwibia mara mbili. Mama Funguo alichukua ufunguo huo, akaenda, akamwomba mjane ruhusa ya kujaribu mlango wake. Hiyo ilikuwa mojawapo ya nyumba ambazo baba yao hakuwahi kuzifikia.

"Ukazunguka kama umepakwa siagi," anasema, na hapo anaacha kuchonga. "Mlango ukafunguka. Mwaka mzima kaka yangu alikuwa na ufunguo unaofungua nyumba ya mwanamke anayeishi peke yake. Hata wakati shilingi ya sabuni hana, hakuutumia."

Bado alitafuta mwanya. Alijiambia labda Paka hakujua kwamba kitasa ni kilekile. Akamwuliza.

"Nilijua," Paka akajibu. "Siku niliyotoka jela nilipita pale, nikakiona toka barabarani. Ndiyo maana nilimweka wa mwisho. Wengine nawaogopa watanipiga. Kwa yule najiogopa mimi mwenyewe."

Mama Funguo anasema usiku ule hakusali kwa maneno.

Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, walikwenda pamoja. Mjane aliwakaribisha kwenye baraza, akasikiliza mpaka mwisho, akaupokea ufunguo, akaupima kiganjani.

"Kusamehe nilishakusamehe," akasema. "Nilichoka kuibeba ile chuki, ilikuwa inaninyima usingizi kuliko wewe. Lakini kitasa badilisha leo hii hii, na dada yako asimame hapo akikuangalia."

Kikabadilishwa. Mama Funguo akasimama hapo, akimwangalia.

Mchungaji aliyembatiza Paka hashangazwi na mashaka hayo. "Siku ile hata mimi simu yangu niliiacha kwa mama mchungaji," anasema bila kuficha. "Watu wanapenda ufufuo wa asubuhi moja: jiwe limeondoka, tumemaliza. Lakini kukua kiroho ni kama mtoto. Leo anasimama, kesho anaanguka na kikombe. Huyu wetu bado hajaanguka, nami namwombea asichoke, maana kutoaminiwa kila siku kunachosha kuliko jela."

Paka mwenyewe si mwongeaji. Alipoulizwa kama alimchukia dada yake kwa zile siku nne, alifuta kwanza grisi vidoleni.

"Nilikasirika," alisema. "Nilisema kumbe kuokoka ni bure. Nikapanga nikitoka niondoke mji huu. Halafu nikakumbuka nyumba zile, watu walilala na wasiwasi miaka, na mimi nimelala siku nne. Nikanyamaza. Bado sijapoa sana. Naomba nipoe."

Dada anamsikia. Anapuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo. Baadaye, kaka akiwa ameenda kuchota maji, anasema alimwomba radhi mara moja tu, na hana hakika kama ilitosha.

"Pasaka ya kwanza wenyewe waliotembea na Bwana walipoambiwa kaburi li wazi, waliona ni porojo za akina mama," anasema. "Mmoja akasema haamini mpaka atie kidole kwenye jeraha. Hakufukuzwa. Aliambiwa haya, tia. Basi na mimi ni mtu wa kutia kidole. Ila nimejifunza kwamba kidole kinaumiza."

Kesho, alfajiri ya Pasaka, ndugu hawa watakuwa kanisani pamoja. Funguo zilizobaki ni kumi na tano, kwani Jumapili ile ya Matawi, baada ya kutoka kwa mjane, walipeleka na mwingine. Wakipeleka mmoja kila wiki watamaliza katikati ya mwaka, na sasa wanakwenda wawili.

Mezani kwa Mama Funguo kuna fomu ya chama cha mafundi wa soko. Fundi kufuli haruhusiwi kuwa na meza yake mwenyewe hapa bila mdhamini, na Mama Funguo anataka Paka apate yake, ng'ambo ya njia, mahali anapoweza kumwona. Swali la nne linauliza: "Umemfahamu mwombaji kwa muda gani?" Amejibu kwa herufi kubwa, kalamu ya bluu: MWAKA MMOJA.

Mwandishi anamkumbusha kwamba huyo ni kaka yake wa tumbo moja.

"Najua. Yule niliyezaliwa naye siwezi kumdhamini," anasema. "Huyu ndiye ninayemwombea meza."

Swali la tano linauliza kama mwombaji ni mwaminifu. Hapo pako wazi. Ofisi ya chama itafunguliwa Jumanne, baada ya sikukuu.

"Nitajaza Jumanne," anasema Mama Funguo, akiikunja fomu na kuitia kifuani. "Leo ni Jumamosi. Bado nina siku tatu za kumwangalia."