Trekta la Mkwe

Ningekataa kula. Siku ile tulipofika Nyahanga, mjini Kahama, kabla sijanyoosha mikono ninawishwe, nilipaswa kusema: mkwe, chakula kitusubiri, tulione trekta kwanza. Sikusema. Nilikaa, nikanawa, nikala.

Kwetu ukishakula kwa mkwe huwezi kumkagua tena. Huwezi kulala chali chini ya chombo chake ukitafuta kasoro huku mafuta ya mbuzi wake yako bado midomoni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini hakuna Msukuma wa umri wangu asiyeijua. Na yeye aliijua kuliko mimi.

Mkwe huyo ni baba wa kijana aliyemwoa binti yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga pale Kahama, mwenye fungu lake kwenye mashimo ya dhahabu, mtu wa sauti kubwa asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Trekta lilikuwa limemchosha. Kwa kuwa tumeoleana, alisema kwenye simu, ananipa mimi nafasi ya kulinunua kabla ya watu baki.

Upande wangu tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Tulilima pamoja shamba la marehemu baba karibu na Mhunze, kwa maksai wanne ambao mdogo wangu aliwafundisha nira tangu wakiwa ndama. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na maneno mengi. Yeye alikuwa na maksai. Kununua trekta maana yake ilikuwa kuwapeleka mnadani, na alilipinga jambo hilo tangu mavuno hadi mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika. Mwishowe akakubali, kwa ukali.

"Kaka, wewe ndiye uliyesoma, na wewe ndiye uliyeendesha matrekta ya ushirika. Mimi sijui chuma. Lakini ukiniletea chuma kibovu badala ya ng'ombe wangu, usiniite tena mdogo wako."

"Kinachowaponza watu ni klachi," nilimwambia, kwa majivuno ya mtu anayejua. "Injini utaisikia, tairi utaziona. Klachi imejificha. Inaweza kukupeleka sokoni na kukurudisha, siku ya kulima ikakataa."

Nikamfundisha, maana alitaka kuja kushuhudia. Unaanza na injini ikiwa baridi. Chini ya tumbo la trekta, pale injini inapokutana na gia, kuna kitundu chenye pini ndogo. Kikidondosha oili, basi klachi imelowa. Kisha unakanyaga pedali. Ukiiachia, trekta linatakiwa kushika, mguu ukiwa katikati ya safari. Likishika pedali ikiwa imekaribia kufika juu kabisa, sahani ya klachi imelika. Mwisho unaweka gia kubwa, unakandamiza breki kwa nguvu zote, unaongeza moto na kuachia klachi. Injini ikizima palepale, nunua. Ikiendelea kunguruma wakati trekta limesimama, klachi inateleza, nenda zako nyumbani.

Aliyashika yote. Mtu anayekumbuka ukoo mzima wa kila ng'ombe wake hashindwi na hayo.

Tulipoingia uani, trekta lilikuwa limeegeshwa ukutani, limefunikwa turubai. Mdogo wangu alilielekea moja kwa moja. Mkwe akamzuia kwa mkono begani, akicheka.

"Wee, wapi haraka? Chakula kitapoa. Chuma hakipoi."

"Chuma ndicho kilichonileta," mdogo wangu alisema. "Nataka nilione kabla halijawashwa."

"Kula kwanza, ng'wana. Au kwenu njaa imeisha?"

"Sijasikia njaa."

Uso wa mkwe ulibadilika. Kukataa chakula cha mtu mbele ya mlango wake! Binti yangu alikuwa tayari amepiga magoti na beseni la maji, macho chini. Nikajiambia kwamba namlinda yeye. Leo najua nilikuwa nalinda heshima yangu, nisionekane mkwe mshamba aliyekuja na ndugu asiye na adabu.

"Kaa chini ule," nilimwambia mdogo wangu kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mtoto.

Alikaa, lakini hakugusa kitu. Wali ulikuwa mwingi, mbuzi amekaangwa vizuri, na mkwe alinichagulia minofu kwa mkono wake mwenyewe huku akinisifu elimu yangu. Tukiwa tunakula, nje tulisikia trekta linawashwa. Kisha maji yakimwagwa. Kisha chuma kikigonga chuma.

"Wanafanya nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Dereva wangu analiosha," mkwe alisema. "Au mlitaka mgeni apakwe vumbi?"

Mdogo wangu akanitazama. Nikaendelea kutafuna.

Tulipotoka, turubai lilikuwa limeondolewa, trekta linang'aa, injini ya moto, ardhi chini yake tope tupu. Kitundu kile kiwe kinavuja au hakivuji, nani angejua? Nilipanda. Nikakanyaga pedali, nikaiachia polepole. Trekta lilishika, mguu wangu ukiwa umekaribia kabisa kufika juu. Nililisikia hilo kwenye unyayo kama mtu anavyosikia jiwe ndani ya kiatu.

"Inashika vizuri," nilisema.

"Mbona hujaiweka gia kubwa?" mdogo wangu aliuliza kutoka chini. "Ile ya breki."

Watu uwanjani wakageuka kutazama. Walikuwepo majirani wa mkwe, watu wa mpunga na wachimbaji wawili watatu waliokuja kula.

"Ile ipi?" mkwe aliuliza.

"Kaka anaijua. Ukikandamiza breki, injini izime. Isipozima, klachi imekufa."

Mkwe hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Mkwe, huyu anataka niunguziwe klachi hapa mbele ya watu? Anadhani nimewaita niwaibie? Binti yenu amelala ndani ya nyumba hii miaka yote. Kama mimi mwizi, mbona hamkumchukua?"

Mmoja wa wachimbaji akacheka. "Huyo mzee wa ng'ombe, mwacheni akague meno!"

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka pamoja nao.

"Msamehe, mkwe," nilisema. "Mdogo wangu ni mtu wa porini, hajui mambo ya mashine."

Nikalitoa uani, nikaliendesha barabara tambarare hadi kwenye njia ya mabasi na kurudi. Halikuwa na jembe nyuma, halikuwa na mzigo. Hata klachi iliyokufa hutembea hivyo. Nilijua hata hilo. Nikashuka, tukapeana mikono, wageni wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka kwenda stendi peke yake.

Trekta lilikuja Mhunze juu ya lori. Maksai walikuwa wameshauzwa kwa wachinjaji. Wakati ule hapakuwa na mnunuzi mwingine. Mvua za kwanza ziliponyesha nikalishusha kwenye mbuga yetu, ule udongo mweusi unaong'ang'ania kila kitu kinachouingia. Nilishusha jembe la diski, nikaachia klachi. Injini ilinguruma, moshi ukapanda, na trekta likasimama palepale. Nikaongeza moto. Likalia zaidi. Kisha harufu ikaja, ile harufu ya sahani inayoungua, kali kama nywele kwenye makaa.

Kwenye mpaka wa shamba jirani zetu walikuwa wanalima na ng'ombe. Wakasimamisha nira zao kutazama.

"Trekta la wakwe!" mmoja alipiga kelele. "Linasalimia tu, halitembei!"

Mdogo wangu alikuja akiwa na jembe la mkono begani. Alizunguka trekta mara moja.

"Ndiyo hii uliyosema inashika vizuri?"

"Fundi atakuja," nilisema.

"Sikukuuliza habari za fundi. Ulijua siku ile?"

Ningeweza kudanganya. "Nilijua."

"Ukanifanya kichekesho."

Fundi alilipasua trekta katikati. Sahani ilikuwa imelowa oili na kulika hadi kwenye ribiti, ile misumari inayoishikilia, na marekebisho ya pedali yalikuwa yamekazwa hadi mwisho, makwaruzo ya spana bado mapya, kazi ya siku ile tulipokuwa tunakula. Nilimpigia simu mkwe. Hakukasirika hata kidogo. "Mkwe, ulikula, ukapanda, ukasifu," alisema. "Mashahidi wapo. Sasa unataka nini?" Halafu akauliza kama nataka kumrudishia trekta na kumchukua binti yangu, au kimoja tu. Nikakata simu. Binti yangu bado yuko kwake, na mimi bado namwita mkwe.

Sahani mpya ilichelewa, mvua hazikusubiri. Msimu ule tulilima kipande kidogo kwa mikono. Mdogo wangu alilima upande wake, mimi upande wangu, hatukuvuka mstari. Kabla ya kuvuna aliwachukua mke na watoto akahamia Geita, kwenye machimbo madogo. Mtu aliyeongea na ng'ombe maisha yake yote sasa anaponda mawe ya watu.

Nilimfuata huko mwaka jana. Nilimkuta amekaa juu ya kiroba, nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe. Nilimsalimia kwa Kisukuma, kwa jina aliloitwa na mama yetu. Aliinua kichwa. Akanijibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyomjibu mpita njia.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

Nilimwomba msamaha pale pale, wenzake wakisikia. Nilisema nililijua lile trekta na niliinyamazia klachi, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa mzee," alisema. "Safari njema."

Akarudi kwenye mawe yake. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na mwanawe alipooa niliambiwa na watu. Trekta lilitengenezwa, linalima hadi leo. Ng'ombe nimenunua wengine. Mdogo wangu nimempoteza, naye yu hai.