Mtamba Mwekundu Kwenye Mizania

Siku ya kwanza mwalimu wetu wa hesabu za biashara alituambia hana nia ya kutufanya wahasibu. Alitaka tu kila mmoja aelewe biashara yake inaendaje. Tulikuwa watu kumi na wawili katika darasa la kuazima pale Kiomboi: wenye maduka, mafundi cherehani, na mimi niliyetoka Kinampanda na mashine yangu ya kukamua alizeti. Shule niliiacha kidato cha pili, wazazi walipofariki kwa kufuatana na kuniachia wadogo watatu.

Wiki za mwanzo zilinipendeza. Nilijifunza kutafuta gharama ya kukamua gunia moja: dizeli, kibarua, na uchakavu, yaani thamani ya mashine inayopungua kila msimu hata kama bado inanguruma vizuri. Nikaona kwamba bei yangu ilikuwa ya hasara, nikaipandisha. Mteja mmoja akaniuliza kama huko Kiomboi nasomea wizi. Nikacheka naye.

Kisha tukafika kwenye mizania. Upande mmoja unaandika mali zote, upande wa pili unaandika zilikotoka: madeni, na mtaji wa mwenyewe. Pande hizo lazima zilingane. Tukapewa kazi ya kuandika mizania ya siku ya kwanza ya biashara zetu.

Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Nduguti. Jumapili hiyo alikuja kunisalimia, akanikuta mezani na daftari. Akalivuta bila kuombwa, akaanza kupitisha kalamu kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Mashine, sawa. Mapipa, sawa. Akafika kwenye mtaji, kalamu ikasimama.

"Kaka, hela yote hii ulitoa wapi? Mwaka ule si tulikuwa tunashindia uji?"

Nilijua atauliza. Kabla hajafa, baba alimwonyesha mdogo wangu huyu mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akasema huyo ni wake, na watakaozaliwa ni wake. Sote tulisikia. Mdogo wangu alipokuwa na miaka tisa nilimpeleka mtamba yule mnadani, akiwa na mimba yake ya kwanza, nikanunua mashine. Nyumbani nikasema amekufa machungani kwa ugonjwa wa ndigana. Mtoto hakulia. Aliuliza ngozi iko wapi. Nikamjibu kuwa bwana mifugo ameagiza tumzike nayo.

Tena nilikuwa nimeshatafuta pa kutokea. Ukurasa wa nyuma wa daftari lile nilikuwa nimeorodhesha ada zake, sare, godoro la bweni, nikajumlisha mpaka zikapita bei ya ng'ombe. Nilitaka nimwonyeshe kuwa hanidai. Lakini mwalimu alikuwa ameshatufundisha kwamba pesa unayoitoa kwenye biashara kusomesha watu wa nyumbani kwako ni matumizi yako mwenyewe, na haibadilishi mtaji ulikotoka.

Nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye daftari. Akaiweka kalamu mezani.

"Kwa hiyo mtamba aliondoka na ngozi yake," alisema.

Nikachukua kalamu haraka, nikaandika jina lake chini ya madeni. Nikamwambia msimu huu nikishauza mafuta nitaanza kumlipa, kwa bei ya leo, ya ng'ombe na ndama wake. Akaninyang'anya kalamu, akakata ule mstari.

"Hapana, kaka. Deni utalilipa, kisha utashusha pumzi. Niandike kwenye mtaji."

Nikamwandika. Mizania ikalingana, kama ambavyo ingelingana hata angebaki kwenye madeni. Darasani mwalimu akauliza huyu mwenzangu wa biashara ni nani, mbona sijawahi kumtaja. Nikasema ni mdogo wangu. Akaniandikia alama ya vema.

Sasa kila baada ya msimu anakuja kuchukua sehemu yake ya faida. Ada zile hajazitaja, mtamba hajamtaja. Analifungua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, hata kama ameshausoma, na anausoma polepole. Mimi nasimama mlangoni, nikingoja amalize.