Sekunde Sita za Kumuaga Anord

Jofrey Kalinga, ninayetumia naye chumba kimoja cha kazi hapa Kihesa, hutengeneza tovuti za nyumba za wageni na shule. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha kitu kitulie. Vichwa vya habari huingia vikiteleza, vitufe hudunda. Nikimwambia kurasa zake zinanitia kizunguzungu, hujibu kwamba mteja asipoona kitu kinasogea anadhani hajahudumiwa. Yote huyapanga kwa CSS, maandishi yanayoamuru mwonekano wa ukurasa: picha ianze lini, ichukue sekunde ngapi, irudie mara ngapi.

Jirani yetu Mama Anord alikuwa na mtoto mchimbaji kule Chunya. Mwezi wa Juni shimo la dhahabu lilimfukia. Walichimbua siku tisa, wakaacha, mwili haukupatikana. Familia ikamwomba Jofrey atengeneze ukurasa wa kumbukumbu, uwekwe kwenye televisheni sebuleni, watu wapite kuaga kama wanavyopita mbele ya jeneza.

Jofrey aliweka picha moja kubwa ya Anord, akaipa sekunde sita: inajitokeza taratibu, inakaa, inafifia mpaka giza, inaanza tena bila kikomo. Nilimwona anavyoipenda kazi yake, nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Waombolezaji walipita vizuri, sekunde sita ziliwatosha. Mama Anord akaja mwisho, ameshikwa mkono na dada yake Evarista. Picha ikaja, ikaondoka. Ikaja, ikaondoka. Mara ya nne akageuka.

"Jofrey baba, mbona mnanifukia mtoto kila saa? Niacheni nimwangalie."

Jofrey akafungua kompyuta. Akaandika picha ijitokeze mara moja tu, na kwa haraka yake akasahau kwamba mzunguko wenyewe unaishia gizani. Picha ikaja, ikafifia, na safari hii haikurudi. Mama akatoa sauti ambayo sitaki kuisimulia.

Basi Jofrey akafuta mistari yote ya muda. Anord akatokea, akabaki.

Mama akavuta kigoda, akakaa. Mzee wa kanisa alitaka kumwinua kwa sababu ibada ilikuwa imechelewa, Jofrey akamzuia. Ilipita zaidi ya saa nzima. Mama alizungumza na mwanawe kwa Kihehe, mambo ya nyumbani tu, mahindi na ng'ombe aliyezaa. Kisha akajifuta uso kwa kitenge.

"Zima sasa, baba."

Jofrey alishindwa. Mama akachukua rimoti mezani, akazima mwenyewe.