Neno la Bi Iclyn Lililomweka Garnett Rumande

Saa mbili asubuhi, Bi Iclyn Tomlinson hatulii. Anakaa mezani pake katika kituo kidogo cha polisi, milimani Trelawny, Jamaika. Anainuka, anachungulia barabara, anakaa tena. Gari la kwenda mahakamani linaondoka saa tatu.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ni kuandika malalamiko ya watu. Mengi ni ya viazi vikuu kuchimbwa shambani, mwenyewe hayupo.

"Hapa kila mtu atakwambia kanyang'anywa," anasema. "Kuku akipotea, kanyang'anywa. Kumbe kwenye sheria ya Kiingereza kila wizi una neno lake. Akikupiga au kukutisha ndipo achukue, huo ni unyang'anyi. Akiingia nyumbani mwako kuiba, neno jingine. Akichimba mazao yako na wewe hupo, jingine tena. Na kila neno na kifungo chake."

Wiki tatu zilizopita, Mass Vernal Cargill (Mass ni kama Mzee, kwa heshima), mkulima wa miaka sabini, alikuja akitweta: jirani yake, Garnett Hyde, kamnyang'anya viazi arobaini. Foleni ilikuwa ndefu. Bi Iclyn akaandika alivyosikia, hakuuliza. Garnett, baba wa watoto watatu, alikiri kuchimba, lakini kwa neno hilo alinyimwa dhamana. Yuko rumande mpaka leo, siku ya kesi. Jana Bi Iclyn aliyasoma tena maelezo, hakuona kipigo wala kitisho, akamwita Mass Vernal.

Mass Vernal anaingia, buti zimejaa udongo.

"Mass Vernal, Garnett alikutisha?"

"Anitishe na nini, Bi Iclyn? Hata mbuzi wangu hawamwogopi."

"Ulikuwa wapi akichimba?"

"Kanisani."

"Basi hakukunyang'anya, alikuibia. Nimeandika upya. Tia sahihi."

Mzee anaisukuma karatasi. "Nikitia, si atatoka leo?"

"Huenda akapata dhamana, kesi ibaki palepale. Usipotia, wakili wake atakuuliza alikutisha kwa kisu gani. Utamjibu nini, na umeshaapa?"

Mzee anavua kofia, anakuna kichwa. "Lakini mama, wewe ndiye uliyeandika."

"Ni mimi. Na hakimu nitamwambia hivyohivyo."

Honi inalia nje. Mass Vernal anaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Bi Iclyn anaichukua karatasi wino haujakauka.

"Wakinifukuza, nitalima," anasema akipanda gari. "Wakiniacha, kuanzia kesho sishiki kalamu mpaka mtu anieleze alikuwa wapi na mwizi alimfanya nini. Foleni itanisubiri."