Kibali cha Kwenda Kutazama Maua

Siku ninayoikumbuka kuliko Pasaka zangu zote, mwanangu, ni ile jogoo alipotutoroka njiani kwenda Rulenge. Haihusiani na ninayotaka kukuambia, lakini kumbukumbu za mzee ni kama mbuzi, ukimfungulia mmoja wanatoka wote. Baba alikuwa ananipeleka misheni nikaanze shule, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, alibeba jogoo wa kumpa mwalimu. Tulipofika kijitoni jogoo akamchomoka kwapani. Tukamkimbiza kwenye maharage ya watu, kwenye migomba ya watu, baba na koti lake moja, mpaka akaanguka matopeni. Nikadhani atanichapa. Akacheka. Alicheka amekaa pale pale kwenye matope, machozi yanamtoka, akasema, "Jogoo amekataa shule. Wewe utakubali?"

Nilikubali miaka miwili tu, kisha ng'ombe wakahitaji mchungaji. Lakini herufi za miaka miwili ndizo zilizoniingiza matatani. Vijiji vilipoanzishwa tukashushwa kutoka kilimani, tukapangwa mstari kando ya barabara huku Mbuba, akatafutwa kijana wa kuandika majina. Nikawa karani wa kijiji. Nilikuwa na meza, daftari na muhuri. Mwanangu, kijana asipewe muhuri kabla hajaoa. Mimi nilikuwa naugonga hata kwenye mkono wangu, niutazame.

Sisemi vijiji vilikuwa vibaya. Binti yangu wa kwanza alizaliwa kwenye zahanati ya kijiji, na mama yake akapona. Nasema tu kwamba kule juu tuliacha mahame yetu: msingi wa nyumba, kaburi la babu, na mirinzi saba. Huenda umeiona, ile miti ya miiba ambayo kiangazi hudondosha majani yote, kisha huwaka maua mekundu kwenye matawi matupu. Babu aliipanda kuzunguka boma. Ni miti ya Kiranga, aliyeombwa na wazee wetu kabla misheni haijaja, na kwetu murinzi haukatwi wala hautiwi motoni. Baba alikuwa amebatizwa, rozari shingoni, lakini kila kiangazi maua yakitoka alifagia chini yake, akatandika mkeka, akaalika wenzake wawili, wakanywa pombe ya ndizi kwa mirija huku wanatazama juu. Basi. Hakuna la zaidi.

Ofisini kwetu ilining'inia kalenda ya Japani, tuliyoachiwa na fundi wa malori. Mwaka wake ulikwisha pita, tuliibakiza kwa ajili ya picha. Siku moja baba akaja, akasimama mbele yake. Ilikuwa bustani ya kale, ina ukuta wa mawe na bwawa, na miti imejaa maua ya waridi bila jani hata moja. Chini yake watu wamekaa kwenye mikeka na chupa zao.

"Wanafanya nini hawa?"

"Fundi alisema wanatazama maua. Kila mwaka wanatoka mbali, wanakuja."

"Wanakula matunda yake?"

"Hapana. Wanatazama tu, kisha wanarudi kwao."

Baba akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. "Na karani wao huwapa kibali?"

Watu wakacheka, mimi nikaona aibu, maana ndicho alichokuja kuomba: kibali cha kupanda kilimani siku moja tu, mirinzi imetoa maua. Siku zile hukurudi mahameni bila kibali, kwa sababu wengine walikwenda wakajenga tena. Nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, kijiji hakijengwi kwa maua. Rudi shambani." Nilimwita Mzee, sikumwita Baba. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Hakubishana. Alikwenda bila kibali, yeye na wenzake, wakarudi jioni wanaimba. Mwenyekiti akanitania, "Karani, sisi unatuweza, baba yako humwezi." Hilo likaniingia kama mwiba wa mguuni, nikatembea nalo mwaka mzima. Kiangazi kilichofuata, maua yalipofunguka, nilichukua shoka nikapanda peke yangu, nikaikata yote saba. Ni mti laini, hauombi nguvu. Ua moja liliniangukia begani nikalipangusa kama mdudu.

Kesho yake baba akaja kuomba tena, na mimi nikampa kibali. Nikakigonga muhuri mara mbili.

Alifurahi, mwanangu. Alikikunja akakitia mfukoni mwa koti, akabeba mkeka na kibuyu, akasema, "Twende nawe basi, karani. Tangu uwe mtu mzima hujakaa chini yake." Nikamfuata. Nilitaka aone, akome.

Hapa niache kidogo nikupe nasaha, kwa maana nikifika mwisho sauti hunikimbia. Mzee wako akikuomba kitu chenye faida, hata jirani atamsaidia. Akikuomba kisicho na faida, mkakae tu mahali mtazame kitu, hana mwingine ila wewe. Acha jembe, nenda. Na ukikosa, omba radhi papo hapo, usingoje mfike nyumbani. Mimi nilingoja. Vita vya Kagera vilipokuja nikachukuliwa mgambo, nikapelekwa kaskazini, na kila kambi nilimuulizia mzee mwenye koti na mkeka. Niliporudi nilikuta mashina yamechipua. Leo ni saba tena, na kila kiangazi natandika chini yake. Njoo siku moja, kibali hakihitajiki.

Mungu akupe wazee wa kukaa nao na masikio ya kuwasikia. Akupe njia yenye maji, na yeyote utakayemngoja, arudi.

Basi, tulifika kilimani jua halijawa kali. Baba akasimama kati ya mashina. Akavunja kitawi akafagia, kama alivyozoea, akazunguka mashina yote saba. Akaokota ua moja lililokwisha nyauka, akalitia mfukoni pamoja na kile kibali. Kisha akanitazama mikono.

"Kibali kinasema mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni, baba."

"Leo umeniita baba," akasema.

Akaniwekea kibuyu miguuni, akauchukua mkeka kwapani, akateremka upande wa pili wa kilima, ule usiokwenda kijijini. Hakuwa na haraka. Nilidhani anakwenda haja, nikakaa kumngoja nimwombe radhi vizuri. Koti likaonekana kwenye nyasi, likaonekana tena kwenye kona ya chini. Hakugeuka, wala hakurudi tena.