Mzee wa Lamboni

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Misigiri, kambale alikuwa na majina mawili. Sokoni na jikoni aliitwa kambale. Lamboni, kwenye bwawa la kijiji, aliitwa mzee, na ole wake aliyekosea. Maelezo ya bibi yalikuwa mafupi: ana ndevu, anakaa chini kuliko samaki wote, na maji yakikauka anavumilia topeni mpaka mvua irudi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtaja jina ukiwa nyumbani kwake. Akilisikia anazama, wenzake wanamfuata, na kijiji kinarudi na matope.

Baadaye nilifanya kazi mjini, ambako watu husema "familia ya kambale" wakimaanisha nyumba isiyo na mkubwa: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Mara ya kwanza nilidhani wanaisifu hiyo familia.

Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, maji ya lambo yaliposhuka hadi magotini, kijiji kiliingia kuvua kwa siku moja. Mwaka huo tulikuwa na mgeni. Baba mdogo Elia alikuwa ameoa miezi miwili nyuma. Mkewe, Yunisi, alitoka Itigi, binti wa muuza asali wa karibu na stesheni. Alinisuka nywele bila kunivuta, na hilo lilitosha kunifanya nimpende.

Lamboni alikuwa na mtihani. Bibi harusi anayeingia mara ya kwanza sharti atoke na samaki aliyemkamata mwenyewe. Asipopata, ilisemwa maji yamemkataa, na kuanzia hapo kila ng'ombe aliyekufa na kila uwele ulioliwa na ndege ulikuwa kosa lake. Jirani yetu mmoja bado aliitwa Mikono Mitupu, na wajukuu anao.

"Kaa naye," bibi aliniambia. "Akitaka kumtaja mzee kwa jina, mfinye."

Tulivua kwa tenga lisilo na kitako. Unalididimiza topeni, kisha unapitisha mkono kwa juu kumpapasa aliyenaswa. Kushoto kwetu alikuwa Mama Samweli, jirani ambaye ulimi wake ulijulikana hadi kijiji cha pili.

"Wewe wa Itigi," akasema, "huku samaki hawashuki kwenye treni."

"Ndiyo maana nimekuja na tenga, mama. Tiketi nimeiacha nyumbani."

Watu wakacheka. Nikaona huyu atapona.

Lakini asubuhi ilikwenda. Wengine walitundika samaki kwenye kamba, Yunisi hakupata hata perege wa kidole. Alikuwa ameacha kutania. Ndipo tenga lake lilipotikisika. Akazamisha mkono, akachomwa na mwiba wa pezi, akapiga kelele:

"Kambale! Jamani, kambale mkubwa huyu!"

Nilimfinya. Nilikuwa nimechelewa.

Mama Samweli akaliweka tenga lake begani. "Haya. Tumekwisha. Twendeni nyumbani." Watu wawili watatu wakaanza kumfuata. Yunisi alikuwa ameinama, mkono ungali ndani ya tenga, amemshika samaki kichwani. Hakujua alichokosea, ila aliona kila mtu anamtazama yeye.

Mimi nilijua dawa moja tu ya kumkosea mkubwa. Ukimpita mzee bila kumsalimu, unarudi, unapiga goti, unaanza upya. Nikapiga goti, maji yakanifika kifuani, nikaliambia tenga kwa sauti:

"Shikamoo, mzee."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja. Hapo nikagundua kwamba salamu isiyoitikiwa ni balaa kubwa kuliko jina.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti nzito, ile ambayo bibi aliitumia kwa ng'ombe.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na huyu aliyenishika shingo ni nani?"

"Ni bibi harusi wetu, mzee. Ametoka Itigi."

"Mbona hanisalimu? Itigi hawana wazee?"

Yunisi akavuta pumzi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nitoe upesi, kiuno kinaniuma."

Lambo likaangua kicheko. Mama Samweli alicheka hadi tenga likamwangukia majini. "Mzee gani huyu ana sauti ya mama Elia!" Yunisi akamtoa samaki, urefu wa mkono wake, na watu wakarudi kuvua. Walipata kama miaka mingine.

Jioni bibi alimpaka yule samaki majivu kumtoa utelezi, nami nikamuuliza kama kweli mzee alikuwa amesikia.

"Samaki sijui," akasema. "Mama Samweli alisikia."

Kwa jibu hilo niliamini kwa miaka mingi kwamba bibi alikuwa anatuigizia tu, kwamba mwiko ule kwake ulikuwa njia ya kunyamazisha watu majini. Siamini hivyo tena. Nakumbuka chakula cha jioni ile. Yunisi alimpakulia bibi kichwa cha samaki, sehemu ya mkubwa, kwa mikono miwili. Bibi alishukuru, akakisogeza kwa baba mdogo, akala ugali na mlenda. Alisema ameshiba tangu mchana. Nilikuwa naye siku nzima, na hakuwa ametia kitu kinywani.

Alimwogopa mzee kama walivyomwogopa wengine. Akaitikia kwa niaba yake hivyo hivyo.