Nywele za Msiba wa Halfani

Mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi walipokwisha kunyonga waliotaka kuwanyonga, alifika Newala bwana mmoja wa kwao, mwenye miwani na sanduku la picha la miguu mitatu. Alitaka ngoma ya wanawake. Muharami, jumbe wa Chilangala, akapita nyumba hadi nyumba akikusanya wachezaji, na kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia, akamchukua hata Sikuzani, binti wa miaka kumi na minne, ambaye baba yake, Halfani, alikuwa amenyongwa Masasi siku kumi na mbili tu kabla.

Mfiwa hachezi. Jambo hilo hata mtoto wa mgongoni analijua. Hachezi, wala chanuo halipiti kichwani mwake, mpaka siku ya kuanua tanga, ukoo wa marehemu umnyoe, amlilie mtu wake mara ya mwisho na kurudi kwa watu. Mwanaisha, shangazi yake, alimweleza jumbe hayo yote. Jumbe akajibu kwamba na yeye anayajua, ila mkono usioweza kuukata, ubusu. Basi Sikuzani akacheza, nywele timtim, huku bwana akizungusha mpini wa sanduku na kumwonyesha kwa vidole kwamba atabasamu. Akatabasamu. Akapewa chumvi.

Lingeishia hapo, tungeliita mkosi wa siku moja. Lakini picha zile zilisifiwa huko kwao, na bwana akatuma neno kwamba atarudi, na msichana akutwe kama alivyokuwa. Asinyolewe. Miezi minne baadaye Mwanaisha alinoa wembe, akaita wanawake waanue tanga. Askari walifika kabla maji ya kulowesha kichwa hayajapandishwa kutoka bondeni. Jumbe alichapwa viboko kumi na tano, naye akawa mkali kuliko boma lenyewe.

Ndivyo Sikuzani alivyopata kazi, kama hiyo nayo tunaiita kazi. Kila kiangazi alikuja bwana mmoja au mwingine. Alitwanga mtama uliokwisha kutwangwa. Aliolewa mbele ya sanduku mara tatu, kila mara na askari tofauti. Mwaka mmoja walifukia kaburi lisilo na mtu ndani, wakamwambia alie juu yake, akapaka mate machoni na kulia vizuri mpaka bwana akapiga makofi. Wanawake waliotazama hawakumcheka. Waliondoka mmoja mmoja.

Waliwahi kumpeleka hadi Lindi, wakafunga madirisha ya chumba na kumwonyesha picha yake mwenyewe kwenye shuka. Alimwona binti mwembamba anachezacheza na kutabasamu. Hakuona haya, wala hakufurahi. Alijiuliza tu kama yule binti amekula.

Hamidu wa Chiwata alileta posa. Alipoambiwa kwamba tanga la Halfani bado halijaanuliwa, na huo ulikuwa mwaka wa sita, akairudisha posa yake kwa adabu zote. Njiani kwenda majini wanawake wenzake walimwacha atembee nyuma, kwa sababu msiba usioanuliwa huambukiza. Sikuzani hakuwalaumu. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: anyolewe, awe mtu kama watu.

Vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe vikaja, na mwaka wa kumi na moja wa nywele zile, Wadachi wakavuka Ruvuma hawakurudi. Asubuhi ya pili tu Mwanaisha aliwakusanya wanawake uani. Mwenyewe alikuwa ameanza kuzeeka, lakini wembe ulikuwa mkali. Sikuzani akaketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na wanawake wakaanza kumlilia Halfani.

"Sasa mlilie baba yako, mwanangu," shangazi akasema. "Hakuna wa kutuzuia."

Sikuzani alifumba macho kumtafuta baba yake, akamwona yule binti wa kwenye shuka tu. Alikaa hivyo mpaka vilio vikaanza kupungua, watu wakamtazama.

"Shangazi," akasema, "baba alikuwaje?"

Mwanaisha alishusha wembe. Akamwambia kwamba kaka yake alikuwa mrefu, ana pengo hapa mbele, na kila akicheka huliziba kwa mkono. Akamwambia jinsi alivyokuwa akimbeba yeye Sikuzani begani hadi shambani, hata alipokuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. Hapo akalia kwelikweli, na wanawake wote wakalia naye.

Sikuzani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa habari za mzee wa kijiji kingine. Kisha akainamisha kichwa.

"Ninyoe tu, shangazi."